Kuuza mivinje bila kuchafua kisima cha jirani

Mtu akija kununua miti yako ingali imesimama, nguvu unayo wewe mwenye shamba hadi pale arubuni inapotoka mfukoni mwake. Baada ya hapo mashine inanguruma, lori linadaiwa kodi ya siku, vibarua wanataka posho, na kila ombi lako linaonekana usumbufu. Nimelijua hili kwa kuliangalia shamba la mivinje la marehemu babangu, nyuma ya Jomvu Kuu, upande wa kwenda Rabai. Limekatwa kwa vipande viwili. Cha kwanza alikisimamia ami yangu mwaka 2018, cha pili nikakisimamia mimi mwaka 2024. Vipande hivyo vimepakana, vina mteremko mmoja na miti ilipandwa pamoja. Lakini maji yaliyoshuka kutoka kila kimoja hayakufanana hata kidogo.

Kijito kinachopita chini ya shamba letu hakina hata jina linalojulikana mbali. Wakati wa kaskazi hukauka, watoto wakachezea mpira humo. Masika ikifika hujaa na kukimbia hadi hori ya Tudor. Kando yake, chini kidogo ya mpaka wetu, kuna kisima ambacho nyumba kadhaa hutegemea. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa thamani ya kisima. Maji yetu ya bomba hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Hata vyote vikijumlishwa mji haushibi. Bomba likikauka, ni mkokoteni wa mitungi au ni kisima.

Tena udongo wetu ni wa aina yake. Upande wa Bamburi ardhi ni ya matumbawe, mvua inanyesha na kuzama hapo hapo. Kule ndiko mvinje ulikojipatia sifa: tangu 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliupanda kwenye machimbo ya saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu, na majongoo wakapelekwa wayale majani yake yaliyoanguka ili udongo upatikane. Watu wengi wakasikia hadithi ile wakaamini mvinje hauna madhara popote. Sisi wa Jomvu tuko juu ya mfinyanzi. Mvua haizami upesi, hutiririka juu juu, na ikipata ardhi iliyochubuliwa huondoka nayo. Mchanga ukiingia kwenye maji hutua haraka. Mfinyanzi huning'inia humo kwa siku nzima na zaidi, na ndio unaoyapa maji ile rangi ya chai ya maziwa.

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Mashamba ya watu binafsi hayakuguswa na amri ile. Boriti za mikoko kutoka Lamu zikakwama, na wauzaji wa Mombasa wakaanza kuzunguka vijijini wakiuliza nani ana mivinje. Ami akapata bei ambayo hakuwahi kuiota. Mnunuzi alikuwa na haraka, ami naye alikuwa na karo za kulipa. Machi wakaingia.

Trekta ilikokota magogo moja kwa moja kuteremka, kwa sababu kuteremsha gogo ni rahisi kuliko kulivuta pembeni. Magogo yakarundikwa kwenye kiwanja tambarare kando ya kijito, maana ndipo lori lingeweza kugeuka. Ili lifike hapo, walikijaza kijito matawi na udongo wakakivuka juu yake. Hakuna aliyedhamiria ubaya. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake, na kwa macho ya siku ile ya jua kali kila sababu ilikuwa na mantiki.

Kisha ikaja masika ile ambayo wengi wanaikumbuka kwa mafuriko. Ile njia ya trekta ikawa ndiyo mto. Magurudumu yalikuwa yameushindilia udongo hata maji hayakupata pa kuzama, na mkokoto wa magogo ulikuwa umechonga mfereji ulionyooka kuelekea chini. Kivuko cha matawi kikaziba, maji yakapanda juu ya kingo, yakaingia kisimani. Akina mama wa pale chini walichota matope kwa muda mrefu. Walikuja nyumbani, wakakaa, wakanywa chai, na baada ya mazungumzo ya adabu mmoja wao akamwambia ami: “Shehe, sisi hatukuulizwa kuhusu miti, na hatukutaka kuulizwa. Lakini maji haya tunayanywa.” Ami hakuwa na jibu. Mnunuzi alikuwa ameshaondoka na simu yake haipokelewi.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na mimi nilielezwa na afisa wa afya wa mtaa aliyekuja kukitazama kisima, ni kwamba maji ya matope yanaishinda dawa. Ile klorini tunayotia kwenye mtungi hutumika kupambana na uchafu kabla haijawafikia vijidudu, na vijidudu vyenyewe hujificha ndani ya chembe za udongo. Alitufundisha tuyatulize kwanza kwa shabu, tuyachuje kwa kitambaa, ndipo tutie dawa. Mtu anayetia kipimo kilekile cha siku zote anadhani amejikinga kumbe bado. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba udongo ni udongo tu, tumeumbwa nao.

Huko chini zaidi kuna mikoko. Wazee wa horini bado wanazungumzia mvua za El Niño za 1997 na 1998, jinsi matope yaliyoshuka na mto Mwache yalivyoua mikoko upande wa Port Reitz. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope, kama ile ya mchu unayoiona imesimama ardhini kama penseli. Ikifunikwa, mti unakosa pumzi na kufa ukiwa wima. Sisemi shamba letu dogo lingeweza kufanya hivyo. Nasema matope ya hori hayatoki mahali pamoja. Ni ya mashamba mengi, kila mwenyewe akisema lake ni dogo.

Ami alipochoka na safari za shamba, mimi nikakabidhiwa kile kipande cha pili. Hadi kufika 2024 hali ya soko ilikuwa imegeuka. Mwaka 2023 marufuku ilikuwa imelegezwa, miti ikawa mingi, na mnunuzi hakuwa na dhiki tena. Nilijua nitaomba masharti mengi kwa mtu ambaye angeweza kwenda kwa jirani. Nikaamua kuyaomba mapema, kwa maandishi, na kukubali kupunguziwa bei kuliko kuyaomba baadaye nikapuuzwa.

Tuliyazungumza tukiwa tumeketi chini ya mwembe wetu, yeye akiniita mama, mimi nikimwita baba fulani kwa jina la mwanawe, heshima ikienda na kurudi. Jambo la kwanza lilikuwa wakati. Miti ikatwe Januari na Februari, kaskazi ikivuma na ardhi ikiwa ngumu, na ikinyesha mvua ya ghafla kazi isimame hadi njia ikauke. Hilo alilikubali upesi, maana hata yeye hataki lori likwame.

La pili ndilo lililotukalisha. Nilitaka ukanda wa miti kando ya kijito uachwe. Sheria ya Kenya inataja kingo za mto kuwa zisizopungua mita sita kila upande, na kwa mito mipana zaidi hadi thelathini. Kijito chetu mtu anaruka, kwa hiyo kisheria mita sita zingetosha. Nilitaka zaidi ya hapo upande wenye mteremko mkali, kwa sababu maji yanayoshuka kwa kasi yanahitaji nafasi ndefu ya kupunguza mwendo na kuacha udongo wake kwenye majani. Tatizo ni kwamba mivinje iliyo karibu na maji ndiyo inayonenepa. Nguzo zote nzuri ziko hapo. Aliniangalia akacheka: “Mama, unaniuzia fito unabaki na nguzo.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwisho tulikubaliana hivi: zile mita sita za kwanza hazikatwi hata mti mmoja. Kutoka hapo hadi mwisho wa ukanda wangu anachagua baadhi ya minene, na kila mti uangukie upande wa juu, mbali na kijito. Ukishapunguzwa matawi, unatolewa kwa mabega ya watu. Hakuna kukokota wala gurudumu ndani ya ukanda. Visiki vinabaki. Mvinje wetu huu wa pwani ukikatwa hauchipui vizuri, na wakulima wengi hupenda kung'oa visiki ili walime. Ndani ya ukanda nilikataa, kwa sababu mizizi hata ikifa huendelea kuushika udongo kwa misimu kadhaa, nao ni muda wa kutosha kwa miche mipya kushika kazi hiyo. Miti isiyoguswa niliipiga alama ya rangi nyekundu mwenyewe, pande zote mbili za shina, maana mkataji akiwa upande mwingine hataki kuzunguka kutafuta alama.

Kuhusu njia sikuhitaji kubishana sana. Nilimpeleka aone ule mfereji wa 2018, ambao wakati huo mtu mzima aliweza kusimama ndani ukamfika kiunoni. Njia mpya tuliipitisha kwa kuuzunguka mteremko, ikipanda pole pole hadi kwenye barabara ya murram, na uwanja wa kupakia ukawa juu, karibu na barabara. Kuvuta magogo kupanda kunakula mafuta zaidi, na gharama hiyo ilikatwa kwenye bei yangu. Lakini kuna faida moja ambayo sikuwa nimeitarajia: njia zinazopanda kwenda uwanjani hutawanyika kadiri zinavyoshuka, hivyo maji ya mvua nayo hutawanyika. Zinazoteremka kwenda uwanjani hukutana mahali pamoja, na maji hukutana nazo.

Kijito kilibaki kikwazo, kwa sababu kulikuwa na miti michache ng'ambo. Tulichagua sehemu nyembamba yenye kingo ngumu, tukakivuka mara moja tu, kwa pembe mraba, juu ya mafungu ya fito yaliyofungwa kwa kamba na kulazwa kwa kufuata mkondo, maji yakija yapite kati yake. Hakuna udongo uliomwagwa juu. Kazi ilipokwisha fito zilitolewa, na mnunuzi akaziuza pia, kwa hiyo hakupoteza kitu.

Elimu bora niliipata kwa kibarua mmoja aliyetoka Ukambani. Nilikuwa nimesoma kwamba njia ya kukokotea ichimbwe matuta ya mshazari baada ya kazi, ili maji yasipate nafasi ya kukimbia. Nilipoanza kumweleza, aliniacha nimalize kwa adabu, kisha akasema kwao Machakos wanachimba fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, tangu enzi za babu yake, na kwamba matuta niliyokuwa nachora yangevunjika mvua ya kwanza. Nilikuwa nimeyachora yakikata njia moja kwa moja. Maji yakifika yangesimama, yajae, yapasue. Yeye aliyalaza kiupande, ncha ya chini ikitokeza nje ya njia, na pale maji yanapotokea akaweka rundo la matawi yayapokee. Mahali penye mteremko mkali aliyasogeza karibu karibu, penye tambarare akayaachanisha. Na hakuna tuta hata moja lililotoa maji yake kuelekea kijitoni. Yote yalimwaga kwenye majani ya mivinje.

Hayo majani nayo yalinigombanisha na wanawake wa jirani, kwa upole lakini kwa kweli. Zulia la majani chini ya mivinje ni moto mzuri wa jikoni, na matawi ya mvinje ni kuni zisizo na mpinzani. Kila shamba likikatwa, watu huja kufagia. Nikikataa nawanyima riziki wale wale ninaodai kuwalindia maji. Tulikaa na mama mmoja anayesikilizwa pale, tukapatana kwamba matawi ya juu ya shamba ni ya mwenye kuokota, ila yaliyolazwa kwenye njia na ndani ya ukanda hayaguswi hadi nyasi zishike. Yeye ndiye aliyeyalinda, si mimi. Mimi nakaa mjini.

Mafuta ya mashine nayo yana mambo yake. Mafundi wengi wa msumeno wa mashine hawanunui oili ya mnyororo. Humiminia oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari, ambayo ni bei ya bure au karibu yake. Mnyororo ukizunguka huirusha yote ardhini, ndivyo ulivyoundwa. Oili ile ina vyuma na masizi ya injini. Nilimwambia mnunuzi kwamba oili mpya nitachangia nusu, na petroli ichanganywe na kujazwa juu kwenye uwanja wa kupakia, juu ya turubai, si mahali fundi alipoishiwa. Fundi alinuna kwa kutembezwa. Nilimwelewa, jua la Februari si la mchezo.

Sasa, masharti yote haya yangekuwa karatasi tu kama si namna ya malipo. Hapa ndipo ningependa mwenye shamba yeyote anisikilize. Kwa desturi muuzaji anataka pesa yote mapema kwa kuogopa kutapeliwa, na ami alifanya hivyo. Alipokwisha kulipwa, hakuwa na cha kumrudisha mtu. Mimi nilifanya kinyume: arubuni kabla ya mti wa kwanza, sehemu kubwa lori za mwanzo zikitoka, na kiasi cha mwisho tukakubaliana kishikwe na mzee mmoja tunayemwamini sote wawili, pesa taslimu. Kingeenda kwa mnunuzi kama punguzo la bei siku ambayo matuta yamechimbwa, kivuko kimetolewa na kijito hakina tawi. Asipofanya, pesa ile inakuja kwangu niajiri vibarua mwenyewe. Mnunuzi aliyekuwa akilalamika juu ya kila tuta alikuja na majembe mapya asubuhi na mapema.

Vibali sitavieleza kirefu. Kusafirisha mbao na nguzo barabarani kunataka karatasi za idara ya misitu, na mnunuzi mwenye uzoefu anazijua kuliko wewe. Hakikisha tu jina lako liko sawa.

Masika ya 2024 nayo ilikuja na nguvu, mwaka uliofurisha sehemu nyingi za nchi. Nilifanya jaribio ambalo halina gharama. Mvua kubwa ikishanyesha, unachota maji ya kijito kwenye chupa mbili safi zinazopitisha mwanga, moja juu ya shamba lako kabla maji hayajaingia, nyingine chini baada ya kutoka. Zisimamishe dirishani pamoja. Rangi zikilingana, uchafu uliomo si wako. Ya chini ikiwa nzito zaidi, panda juu ufuate matope hadi uone yanakotokea, na mara nyingi utakuta ni sehemu moja au mbili tu, tuta lililozidiwa au ukingo ulioguswa na gurudumu. Chupa zangu za mvua ya kwanza hazikulingana: tuta moja karibu na kona lilikuwa limepasuka. Yule kibarua alirudi akalirekebisha kwa nusu siku. Baada ya hapo zililingana. Maji ya kisima yalipata ukungu kidogo wiki ile mbaya zaidi, kisha yakatakata.

Bei niliyopata kwa kila mti ilikuwa chini ya ile ya ami. Ndugu zangu wawili bado wananiuliza kuhusu zile nguzo nene zilizosimama kando ya kijito zikitazamwa tu. Nawajibu kwamba zitakatwa kwa zamu, chache kila awamu, lakini najua hawajaridhika, na mgao wa urithi haujaisha.

Shughuli iliyopo sasa iko kwa jirani wa juu yetu. Ana mivinje iliyokomaa na njia yake fupi ya kutokea ni kukatiza kijito pale kilipo chembamba, ndani ya mpaka wake, hatua chache kabla hakijaingia kwetu. Sina mamlaka juu ya shamba lake. Nilimwendea nikamwambia atumie njia yetu ya juu bure, matuta yatafunguliwa kwa muda na kurudishwa kwa gharama ya atakayenunua, na yule mzee aliyetushikia pesa yuko tayari kushika tena. Jirani anasema mnunuzi wake ameshatoa arubuni na mapatano yameshafungwa bila hayo. Nimeomba namba ya huyo mnunuzi. Kama hajaleta trekta, bado kuna la kuzungumza, pengine kwa mimi kulipia tofauti ya mafuta.